Hagadera: Kazi Ipo, Mshahara Hapana

ABIRIA atokaye Mombasa kwenda Hagadera hupita Malindi, akafika Garsen, akapanda sambamba na Mto Tana mpaka Hola, kisha akavuka daraja na kuingia Garissa mjini. Wengi wetu watu wa pwani safari zetu hukomea hapo. Lakini ukiendelea mbele, njia hushika upande wa mashariki, mchanga mwekundu na miti ya miiba kulia na kushoto, yapata kilomita 100 mpaka Dadaab. Kutoka Dadaab ukielekea kusini kwa mwendo mfupi ndipo unapoiona Hagadera: mabati, maturubali, nyumba za udongo, nyua za miiba na misikiti, mji mzima uliosimama nyikani ambao kwa zaidi ya miaka 30 umeitwa kambi.

Mgeni akilala hapo usiku mmoja tu, akaamka kwa adhana ya alfajiri, ataona jambo la kumshangaza ikiwa alizoea kusikia kwamba mkimbizi ni mtu wa kukaa na kungojea chakula. Ataona watu wanakwenda kazini. Atamwona mwalimu na madaftari yake kwapani. Atamwona mkunga akitoka zamu ya usiku hospitalini, mlinzi wa lango akirudi kulala, na mtu wa mabomba akienda kufungua maji huku foleni ya madumu imekwisha jipanga. Atamwona mkalimani, hamali wa ghala la chakula, mchimba vyoo na sepetu yake begani, msichana aendaye kufua nguo za nyumba za watu, na kijana aswagaye punda mwenye mkokoteni wa mapipa ya maji.

Wote hao ni wafanyakazi, wala hakuna awezaye kusema vingine. Lakini ukimuuliza yule mwalimu, au yule mkunga, mshahara wake ni kiasi gani, atakusahihisha. Yeye hana mshahara. Yeye hulipwa "insentivu".

Ndugu msomaji, leo tulitazame neno hilo moja, maana maisha ya maelfu ya watu yamefungwa ndani yake.

NENO LENYEWE

Insentivu ni neno la Kiingereza, na maana yake ni kitu cha kumtia mtu moyo, kama vile mzazi anavyomwahidi mtoto peremende akimaliza kuhifadhi juzuu. Kwa Kiswahili cha maofisini huitwa motisha. Asili yake katika kambi ni hii.

Mkimbizi nchini Kenya, kwa sheria zilizotumika muda mrefu, alihesabiwa sawa na mgeni mwingine yeyote katika jambo la kazi: haajiriwi bila kibali. Kibali chenyewe kipo katika vitabu vya sheria, nacho huitwa cha daraja M, lakini kwa mkimbizi aliyeko kambini kukipata kimekuwa jambo la nadra. Kwa upande mwingine, mashirika ya misaada yalihitaji watu. Yalihitaji wajuao Kisomali, wajuao kila mtaa na kila ukoo, wawezao kuingia uani kwa mama mjamzito bila ya kuogopwa. Kumleta kila mfanyakazi kutoka Nairobi, umpe na mahali pa kulala na gari la kumchukua, ni gharama isiyobebeka.

Basi ikapatikana njia ya katikati. Mkimbizi afanye kazi, ila isiitwe ajira. Ahesabiwe kuwa amejitolea kuwasaidia wenzake, naye apewe kitu kidogo cha kumshukuru.

Kitu hicho kidogo, kwa kazi nyingi na kwa miaka mingi, kimekuwa baina ya shilingi 5,000 na 10,000 kwa mwezi. Mashirika hukaa pamoja yakapatana viwango, ili shirika moja lisilipe zaidi na kuwavuta watu wa jingine. Na kando ya mkimbizi huyo, katika shule ile ile au wodi ile ile, hufanya kazi Mkenya mwenye mkataba, likizo, bima ya matibabu, na mshahara unaoizidi mara kadhaa motisha ya mwenzake. Chaki ni moja, ubao ni mmoja, na watoto ni wale wale.

Jina la kitu si jambo dogo. Malipo yakiitwa mshahara, yana kima cha chini kilichowekwa na serikali, yana chama cha wafanyakazi cha kuyatetea, yana mahakama ya kazi, na yana kiinua mgongo siku ya kuondoka. Yakiitwa motisha hayana hata kimoja katika hivyo. Nani aliyewahi kwenda mahakamani kudai nyongeza ya zawadi? Mwalimu aliyefundisha miaka 15 akitoka, hutoka na mikono yake miwili, na akibahatika, barua ya shukrani.

KAMBI YA WATU 90,000

Serikali ya Jenerali Siad Barre iliangushwa mjini Mogadishu mwezi wa Januari 1991. Nchi ikavunjika, na watu kwa maelfu wakavuka mpaka na kuingia Kenya kupitia Liboi, wengine kwa miguu, watoto migongoni. Kambi ya Ifo ilifunguliwa mwaka huo wa 1991. Hagadera na Dagahaley zikafuata mwaka 1992. Zote tatu kwa pamoja zilipangwa kuchukua watu 90,000, kwa matumaini kwamba vita vitakwisha upesi na kila mtu atarudi kwao.

Vita havikwisha. Mwaka 2011 njaa kubwa ilipoipiga Somalia, watu wakamiminika tena mpaka hesabu ya Dadaab ikakaribia nusu milioni, na siku hizo ikatajwa kuwa kambi kubwa kuliko zote duniani. Kambi mbili zaidi, Ifo 2 na Kambios, ziliongezwa kisha zikafungwa, ingawa Ifo 2 ilifunguliwa tena baadaye. Katika miaka hii ya karibuni Dadaab nzima imekuwa na watu zaidi ya laki nne.

Hagadera ndiyo iliyo kusini kuliko zote, katika ardhi ya Fafi. Wako waliofika hapo wakiwa wamebebwa migongoni na sasa wana watoto wao wenyewe wasomao katika shule zile zile. Aliyezaliwa Hagadera katika miaka ya 1990 alisoma kwa mtaala wa Kenya na kufanya mitihani ya Kenya, na Kiswahili chake cha darasani huenda kikawashinda baadhi ya vijana wetu wa mitaani. Lakini akimaliza kidato cha nne, kazi iliyo mbele yake ni ile ile ya motisha. Hawezi kujiendea Garissa, sembuse Mombasa, kutafuta nyingine. Kutoka kambini kunataka kibali cha safari, na njiani mna vizuizi vya polisi. Asiye na kibali hukamatwa.

Ndiyo maana wengi macho yao yako mbali. Wasomali wa kambini wana neno lao, buufis, ambalo ni ile hamu ya kuhamishiwa Ulaya au Marekani inayomshika mtu mpaka akakosa raha ya mahali alipo. Anakula yupo hapa, analala yupo hapa, lakini roho imekwisha panda ndege. Neno kama hilo halizuki bure. Huzuka mahali ambapo mtu aweza kufanya kazi maisha yake yote na bado asijenge kitu.

SIKU ZILE ZA 2011

Mtu akitaka kujua uzito wa kazi hii ya "kujitolea", na arudi nyuma mpaka Oktoba 2011. Mwezi huo watu wenye silaha waliwateka nyara wafanyakazi wawili wa Kihispania wa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka katika eneo la Ifo, wakawapeleka Somalia, wasiachiliwe mpaka Julai 2013. Mwezi ule ule jeshi la Kenya likaingia Somalia. Katika kambi yakafuata mabomu ya kutegwa njiani, na polisi wakauawa, na viongozi wa wakimbizi wenyewe wakapigwa risasi.

Mashirika yakawaondoa watu wao, au yakawafungia ndani ya nyua zenye ulinzi. Magari yalikuwa hayatoki ila kwa msafara wa polisi, na shughuli nyingi zikasimamishwa. Je, kambi yenye watu karibu nusu milioni ilikaa bila chakula, maji wala dawa? Haikukaa. Wale wa motisha ndio waliopima unga, waliowasha pampu za maji, waliofungua zahanati, waliozalisha akina mama usiku wa manane. Maagizo yalikuja kwa simu, na mikono ikawa yao.

Nao hawakuwa salama kuliko wageni. Mkimbizi aonekanaye kila siku akiingia na kutoka katika ofisi za mashirika aliweza kutiliwa shaka na pande zote: wenye silaha wakimwita jasusi, na polisi wakimshuku kuwa ni mwenzao wenye silaha. Mgeni akiogopa ana ndege ya kumrudisha Nairobi. Mkalimani wa Hagadera akiogopa, nyumba yake ni ile ile aliyotokea asubuhi.

Mambo hayakuishia hapo. Mwezi wa Mei 2013 ugonjwa wa kupooza ulizuka Dadaab, na kampeni ya chanjo ikapita nyumba kwa nyumba. Mwishoni mwa 2015 kikaja kipindupindu. Mara zote mbili waliobisha hodi milangoni, wakaeleza, wakabembeleza, wakahesabu watoto na kutia dawa vyooni, wengi wao walikuwa watu wa motisha. Hatari walioibeba ilikuwa ya kazi kamili. Malipo ndiyo yaliyobaki ya nusu.

WALIO CHINI YA MOTISHA

Hata hivyo, kambini mwenye motisha huhesabiwa kuwa mwenye bahati. Ana fedha ijulikanayo kila mwezi, na mwenye duka humkopesha kwa kuwa anajua atalipwa. Chini yake wako wengi ambao hawana hata hiyo: hamali wa sokoni alipwaye kwa gunia, mchota maji alipwaye kwa pipa, mfyatua matofali ya udongo, mama aendaye porini kutafuta kuni, mbali na macho ya watu, ambako wanawake wengi wamevamiwa na kutendewa unyama. Na yuko msichana wa kazi za nyumbani, ambaye hana shirika la kumlalamikia wala mkataba, na ambaye siku akiambiwa asije tena, habari yake imekwisha.

Ngazi hii ina historia, na historia hiyo inatuhusu sisi watu wa pwani kuliko tudhanivyo. Katika karne ya 19 watu wengi wa Uzigua na makabila mengine ya bara la Tanganyika na kusini yake waliuzwa utumwani na kupelekwa kwa majahazi mpaka pwani ya Somalia, wakalimishwa mashamba ya mabonde ya mito. Waliotoroka walijenga vijiji vyao kando ya Mto Juba, na baadhi yao hawakuiacha lugha ya Kizigua mpaka leo. Vita vya 1991 vilipofika mabondeni walinyang'anywa mazao yao na kuuawa, wakakimbilia Dadaab pamoja na wengine.

Kambini nako waliukuta unyonge ukiwangojea. Waliwekwa pembezoni, na kazi walizopata zaidi ni zile ambazo wengine walizidharau: kuwajengea watu nyumba, kuwachimbia vyoo, kuwabebea maji, kuwafulia. Mwaka 1999 Marekani ilikubali kuwachukua kiasi cha watu 12,000 miongoni mwao. Mwaka 2002 wakaanza kuhamishwa kutoka Dadaab mpaka Kakuma, na kuanzia 2003 wakasafirishwa. Wengine walirudi nchi ya mababu zao, Tanzania, wakapewa ardhi Chogo katika wilaya ya Handeni.

Waliofika Marekani wengi wao walianza kwa kazi za chini: kusafisha mahoteli, kufunga bidhaa viwandani, kuosha vyombo. Mtu aweza kusema basi wametoka kwenye ufagio wakaingia kwenye ufagio. Lakini tofauti ipo, na ndiyo kiini cha maneno yetu. Kule anayefagia hulipwa kwa saa, kwa kima kilichoandikwa katika sheria, na baada ya miaka aweza kuomba uraia. Ufagio ni ule ule. Jina la malipo ndilo lililobadilika, na pamoja na jina, haki.

MAJAHAZI YA 1991

Wala si Wazigua peke yao. Watu wazima wa Mombasa, Malindi na Lamu wanakumbuka majahazi yaliyotia nanga miaka ya 1991 na 1992 yakiwa yamejaa watu. Walikuwamo Wabrava na Chimini chao, ambacho Mswahili akitega sikio husikia maneno ya nyumbani. Walikuwamo Wabajuni wa visiwa vya upande wa pili, ambao mpaka uliwatenga na jamaa zao lakini haukuwakata udugu. Mombasa tulikuwa na kambi ya Utange, na ya Benadir, na ya Swaleh Nguru. Wako waliopata hifadhi majumbani mwetu, na wako waliooa na kuolewa tukawa kitu kimoja.

Kambi hizo za pwani zilifungwa katika miaka ile ile ya 1990. Wengine walirudi kwao, wengine walipelekwa ng'ambo, na waliosalia wakatakiwa wahamie Dadaab na Kakuma. Kwa hiyo tunaposema Hagadera, tusiseme kana kwamba ni nchi ya watu tusiowajua.

HOJA ZA UPANDE WA PILI

Haki ni kusikiliza pande zote mbili. Wenye mashirika wana maneno yao. Husema kwamba mkimbizi halipi kodi ya nyumba. Chakula, matibabu na shule hupata bure. Na motisha haikatwi kodi ya serikali. Husema kwamba fedha za wafadhili ni chache, na ukimlipa mmoja mshahara kamili, watatu watakosa kazi. Na husema kwamba sheria ya nchi ndiyo iliyowafunga mikono.

Wenyeji wa Fafi na Dadaab nao wana maneno yao. Vijana wao wenyewe hawana kazi. Ukame unapoua ng'ombe na ngamia wao, hakuna aliyewajengea kambi, nao wanaona malori ya chakula yakipita kwenda kwa wageni. Tena wako wenyeji, raia halisi wa Kenya, ambao katika miaka ya shida walijiandikisha kuwa wakimbizi ili wapate mgawo na matibabu. Baadaye walipokwenda kuomba kitambulisho cha taifa, alama za vidole vyao zikakutwa katika daftari la wakimbizi, wakanyimwa. Makumi ya maelfu ya watu walinaswa hivyo kwa miaka. Asiye na kitambulisho haajiriwi. Raia huyo amesimama mlango mmoja na mkimbizi, na kilichowazuia wote wawili ni karatasi.

Hoja hizi si za kupuuzwa. Lakini ile iliyo kubwa, ya chakula cha bure, imepigwa na wakati. Kuanzia mwaka 2016 sehemu ya mgawo wa Dadaab ilitolewa kwa fedha za simu, mpango ulioitwa Bamba Chakula. Jina zuri, ila siku hizi cha kubamba ni kidogo. Mgawo umekatwa mara nyingi kwa uhaba wa fedha, na mwaka 2025 ulishuka chini ya nusu ya kipimo kinachotakiwa. Mapema mwaka huo huo Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote, ilisimamisha misaada yake, na mashirika yakapunguza watu, wa motisha wakiwa miongoni mwao.

Basi tufanye hesabu kama wafanyavyo wenye maduka. Ikiwa mtu alilipwa kidogo kwa sababu anapewa chakula, na chakula kimekatwa zaidi ya nusu, mbona malipo hayakuongezwa? Sababu iliyotumika kupunguza ujira imeondoka, na upungufu umebaki.

SOKO LIKO WAPI?

Sote tulikisoma chuoni kisa cha Abdurrahman bin Auf, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake. Alihamia Madina mikono mitupu, akaunganishwa udugu na Saad bin Rabii, mtu wa Madina mwenye mali. Saad akataka kumgawia nusu ya kila alichokuwa nacho. Abdurrahman akamwombea baraka katika mali yake, akakataa kuipokea, akauliza jambo moja tu: soko liko wapi. Akaonyeshwa. Akaanza na jibini kavu na samli, na kabla ya muda mrefu akawa mtu wa kujitegemea, kisha tajiri wa kusaidia wengine.

Tunakipenda kisa hiki kwa sababu ya ukarimu wa mwenyeji na heshima ya muhajiri. Lakini kina sharti moja ambalo aghalabu hatulitaji. Abdurrahman alipouliza soko, hakuna aliyemdai kibali cha kutoka Kuba kwenda mjini. Njia ilikuwa wazi.

Watu wa Hagadera walipokosa kuonyeshwa soko, walijijengea. Soko lao ni mashuhuri katika Garissa nzima: nguo, simu, maziwa ya ngamia, mboga, vyombo, mikahawa ya chai ya maziwa na sambusa, na maduka ya hawala yapokeayo fedha za jamaa walioko ng'ambo. Uchunguzi uliofanywa mwaka 2010 ulikisia kuwa biashara za wakimbizi katika kambi za Dadaab zilizungusha dola milioni 25 kwa mwaka, na kwamba wenyeji wa jirani walifaidika kwa dola kama milioni 14 kwa mwaka kwa sababu kambi zipo, kwa kuuza mifugo na maziwa, kwa ajira na kwa bidhaa rahisi. Na motisha ndogo ya mwalimu imo ndani ya mzunguko huo. Amekula kwa mkopo mwezi mzima. Siku ya malipo fedha hupita mkononi mwake kwenda kwa mwenye duka, na kesho yake huanza kukopa upya.

Dini yetu haikuliacha jambo la ujira bila mwongozo. Ujira hutakiwa ujulikane kabla kazi haijaanza, na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametuusia tumlipe mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Wausia huo haukubagua mwenyeji na mgeni. Na tukisema hivi tusinyooshe vidole Hagadera peke yake. Mwenye nyumba Mombasa aliyemwajiri mtumishi kutoka mbali, asiye na jamaa mjini, akamlipa nusu kwa kuwa "anakula na kulala hapa hapa", hoja yake ni ile ile ya kambini.

SHERIA YASEMAJE?

Kenya ilijiunga mwaka 1966 na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ambao unasema kwamba vizuizi wawekewavyo wageni katika ajira visitumike kwa mkimbizi aliyekwisha kaa nchini miaka mitatu. Hagadera kuna waliokwisha kaa mara kumi ya hiyo. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanyakazi haki ya kulipwa ujira wa haki. Kisha ikaja Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika 2022, ambayo inataja waziwazi haki ya mkimbizi kufanya kazi ya kujipatia riziki. Na mwezi wa Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika, wenye nia ya kuzigeuza kambi za Dadaab na Kakuma kuwa makazi ya kawaida, wageni na wenyeji wakitumia shule na hospitali zile zile.

Maneno haya ni mema, na wayasikiao Hagadera wana haki ya kuyapokea kwa tahadhari, maana wamekwisha sikia mengine. Baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la Aprili 2015, lililoua watu 148, ilitangazwa kuwa Dadaab ifungwe kwa miezi mitatu. Mwaka 2016 ikatangazwa tena kufungwa, mpaka Mahakama Kuu ilipobatilisha amri hiyo Februari 2017. Mwaka 2021 tangazo likarudi. Mtu aambiwaye kila baada ya muda kwamba nyumba yake itavunjwa, atapata wapi ujasiri wa kudai nyongeza?

Na isisemwe kwamba hawana elimu. Tangu mwaka 2013 vyuo vikuu vya Kenyatta na Moi, vikishirikiana na vya Kanada, vimewafundisha walimu wa Dadaab hapo hapo walipo, wengine wakatoka na stashahada na digrii. Walirudi darasani wakiwa walimu kamili kwa cheti, na malipo ya motisha.

Kwa hiyo atakaye kujua kama Mpango wa Shirika umefika Hagadera asiende kutazama mabango wala kusikiliza hotuba. Na aamke alfajiri, asimame njiani, amngojee yule mwalimu mwenye madaftari kwapani na yule mkunga anayetoka zamu. Awaulize mshahara wao ni kiasi gani. Siku watakapomtajia kiasi bila ya kulisahihisha neno, hapo atajua.